Bibi Bendera Anahama

Tunautangazia umma, kwa huzuni kubwa na kofia zikiwa vifuani, kwamba Jumanne saa mbili asubuhi taifa lilifiwa na uzalendo wake. Marehemu aliondoka akiwa hai, juu ya lori la vitunguu, amekalia cherehani, anatukana.

Mtaani walimwita Bibi Bendera. Kwa miaka thelathini na minne alishona bendera za serikali katika chumba kimoja nyuma ya posta, chenye dirisha dogo na meza ndefu iliyochorwa vipimo kwa penseli. Kila shule, kila kituo cha polisi, kila gari la waziri lililopita likipiga king'ora, kile kitambaa kilichopepea kilikuwa kimepita chini ya sindano yake. Kahawia juu, nyeupe katikati, zambarau chini. Kahawia ni udongo, nyeupe ni amani. Zambarau hakuna aliyewahi kueleza ni nini, na ndiyo aliyoipenda kuliko zote. Nchi yenyewe aliipenda kama mtu anavyompenda mume mlevi: anaifulia, anaipiga pasi, na jirani akiisema vibaya anamtoa mbio.

Makarani, ambao Mungu aliwapa macho wakayaweka kabatini, walishawahi kuipandisha bendera miguu juu mbele ya wageni, tena mara mbili. Tangu hapo kila bendera aliitarizi herufi tatu ndogo kwenye ukingo wa kahawia: JUU. Hata mlevi asingekosea.

Kisha wanajeshi wakagombana, wakagawanyika kambi mbili, na kila kambi ikadai kwamba yenyewe ndiyo taifa. Zote zikaagiza bendera, na Bibi Bendera akazishonea zote. Yeye aliona nchi ni moja. Waliokuwa wawili ni wapumbavu. Kambi ya kwanza ilipopata habari ikaja kuvunja mlango, na mpiga pasi wake, mama wa watu wa miaka hamsini, akakatwa panga kizingitini, pasi bado ya moto mkononi. Kambi ya pili ikaja ikakuta mlango umeshavunjwa. Ikaudhika, ikachoma paa.

"Dada, panda," alisema mdogo wake, dereva wa lori la vitunguu. "Ukibaki hapa watakushona wewe."

Akapanda na cherehani yake na mume wake, mwalimu mstaafu wa jiografia, ambaye njia nzima alitaja mito waliyovuka na urefu wake. Mpakani ni kilomita elfu moja na mia mbili. Siku ya kwanza waliona maiti mitaroni, na mwalimu akanyamaza mito miwili mizima. Siku ya pili risasi ilipita dirishani ikaondoka na ncha ya sikio la dereva.

"Afadhali la kushoto," alisema dereva, damu ikimchuruzika shingoni. "La kulia ndilo la kusikilizia injini."

Siku ya tatu wakafika kwenye kizuizi cha magogo na matairi yanayowaka. Kepteni alikuwa amekalia kiti cha shule, bendera ikipepea nyuma yake, na amri ilikuwa moja: kila abiria ashuke, apige saluti. Dereva akapiga. Bibi Bendera akapiga. Mwalimu naye akajitahidi, lakini mkono wake wa kulia ulikuwa haupandi kupita bega tangu alipoanguka kwenye ngazi miaka sita iliyopita, kwa hiyo saluti ikaishia kidevuni.

"Huyu mzee anaikunia bendera ndevu!" alifoka Kepteni.

Kitako cha bunduki kikatua kwenye mbavu za mwalimu. Kikatua tena. Mbavu zikalia kama kuni kavu. Alipoanguka wakahamia buti, zamu kwa zamu, na aliyekosa zamu akanung'unika.

"Mwacheni, mkono wake mbovu!" alipiga kelele Bibi Bendera. "Mnamuulia nini? Kwanza bendera yenyewe mmeipandisha kichwa chini!"

Buti zikasimama. Watu wote wakaangalia juu ya mlingoti: zambarau juu, kahawia chini.

"Umesema nini, bibi?"

"Nimesema kichwa chini. Nimeishona mimi. Ishusheni, msome ukingoni."

Wakaishusha. JUU ilikuwa chini kabisa, imetulia. Askari mmoja akacheka. Kepteni akampiga risasi ya mguu, na kicheko kikageuka papo hapo kikawa yowe.

"Afande," alinong'ona askari mwingine, "si tumeshaua watu kumi na mmoja kwa kutoiheshimu?"

"Kumi na wawili," alisahihisha mwenzake. "Umemsahau wa baiskeli."

Kepteni akafikiri. Ilikuwa kazi ngeni kwake, jasho likamtoka. Mwishowe akamburuta mwalimu kwa kola hadi ukingo wa mtaro, akampigisha magoti, akamwekea bastola kisogoni.

"Sisi hatukosei," alisema. "Bibi, shusha cherehani yako. Hiyo JUU ifumue, ishone kwenye zambarau. Ukimaliza, bendera itakuwa ilikuwa sawa tangu mwanzo. Usipotaka, mumeo anatangulia."

Bibi Bendera akatazama kitambaa mkononi. Alishawashonea marais wanne na mazishi ya watatu, na hakuna aliyewahi kumwambia ageuze nchi.

"Mama watoto," alisema mwalimu, damu ikimtoka mdomoni, "usishone. Ni uwongo."

"Mzee, funga mdomo! Ukweli wako utanifulia nguo? Utanichotea maji nikizeeka?"

"Umeshazeeka."

"Dada, shona," alisihi dereva. "Shemeji hajui kunyamaza, hata akizikwa atataja mito."

Cherehani ikatuliwa katikati ya lami, kati ya maganda ya risasi. Askari aliyejeruhiwa mguu akilia pembeni, Bibi Bendera akafumua herufi moja moja kwa wembe. Kisha akakanyaga, na sindano ikaenda. Mshono ulinyooka, maana mikono yake haikujua kushona vibaya, hata uwongo. Alipokata uzi Kepteni akasoma, akaridhika, akaita redioni: kuanzia leo, vizuizi vyote, zambarau juu. Kisha akamsukuma mwalimu kwa buti ya mwisho, ya kumuagia.

Siku ya tano wakavuka mpaka. Dereva, ambaye ulimi wake haukupigwa risasi, alishamsimulia kila aliyekuwa na masikio yote mawili. Mtangazaji wa redio, kijana wa tai, akaja mbio na kipaza sauti, machozi yakimlengalenga.

"Mama! Wewe uliyeishona nchi yako kwa mikono hii, ukalazimishwa kuipindua kwa mikono hii hii, leo unapoipa kisogo pengine milele, moyo wako unasema nini kwa dunia?"

Bibi Bendera alikuwa amemshikilia mume wake kiunoni, asianguke.

"Mzee anataka choo," alisema. "Kiko wapi?"