Makasha ya Mchanga ya Lorna

Lorna Hadley wa Montana hakumsamehe jirani yake Dwight Pruitt tangu siku risasi ya Dwight ilipokosa kopo alilolenga, ikavuka uzio na kumuua farasi jike wa Lorna aliyekuwa akila majani.

"Mimi nililenga kopo, jirani," Dwight alisema. "Farasi wako ndiye aliyejipeleka." Wanaume wa klabu ya kulenga shabaha wakaangua kicheko.

Kipupwe chote Lorna alishinda bandani na msumeno. Alitengeneza vishikio vya shabaha vyenye miguu ya kukunja, na makasha ya mbao ya kupangwa nyuma yake, ili yakijazwa mchanga yazuie risasi. Theluji ilipoyeyuka, alivipakia kwenye pikapu yake akaenda klabuni. Alijaza kasha moja mchanga, akalifyatulia mbele ya wote, na hakuna risasi iliyotokea upande wa pili. Hapo akatoa hoja: asiyekuwa na kinga asifyatue, na makasha yajazwe na yule ambaye risasi yake imewahi kuua mnyama wa mtu. Wengi walikuwa na farasi. Wakanyoosha mikono kukubali.

Jumamosi iliyofuata Dwight alishika koleo, jasho likimchuruzika.

"Imetosha sasa, Lorna!"

"Bado. Ongeza."

"Mgongo unaniuma, mama!"

"Pole. Farasi wangu hata mgongo wa kuuma hana tena."

Safari hii walimcheka Dwight. Lorna akaketi nyuma ya pikapu, akamimina kahawa, akainywa taratibu huku akimtazama akiinama.