Mwongozaji wa Njia Rahisi

Mwongozaji wetu katika hifadhi ile alikuwa mama wa makamo, mwembamba, mwenye mwendo wa aste aste. Kila baada ya hatua chache aliinama, akapima nyayo za wanyama kwa kiganja, kisha akajipangusa vumbi kwenye suruali. Sauti yake haikupanda hata shangazi yangu alipolalamika kwamba njia ni rahisi mno, kama ya kwenda sokoni. "Njia rahisi hata wanyama wanaipenda, dada," alimjibu.

Kwenye kona ya mto tukamkuta tembo na mtoto wake, hatua ishirini tu mbele yetu. Bunduki ya mwongozaji ilibaki begani. Alinyoosha mkono kutuzuia, akavua kofia, akasema polepole, "Pita, mama mwenzangu. Sisi tunangoja." Tembo alitanua masikio, akatutazama mpaka nikasahau kupumua, kisha akamsukuma mwanawe kwa mkonga, wakavuka penye maji haba.

"Hukuogopa?" shangazi alinong'ona, kucha zake zimenizama mkononi.

"Niliogopa sana," alisema mwongozaji, macho bado ng'ambo. "Jana jioni nilimwona, alikuwa bado ana mimba. Mtoto yule hajamaliza hata siku moja duniani."