Mwalimu Jumwa na Visima vya Mwabungo

Mwalimu Jumwa anafundisha jiografia katika shule moja ya sekondari upande wa Msambweni, na kwa miaka miwili hii amekuwa mwanafunzi pia. Jambo hilo limewafurahisha sana wale anaowafundisha. Akichelewa kusahihisha madaftari yao, hakosekani wa kumuuliza, "Mwalimu, kwani nawe umepewa kazi ya nyumbani?" Naye hujibu kwa utulivu kwamba amepewa, na yake ni ngumu kuliko yao.

Anasomea shahada ya uzamili ya sayansi ya tabianchi na mazingira. Masomo mengi huyapata kwa kompyuta siku za Jumamosi, akiwa amejifungia chumbani katika nyumba yao ya kupanga Ukunda. Mumewe, Swafwan, ambaye kazi yake ni kupokea wageni katika hoteli moja ya Diani, huja mlangoni kila baada ya muda na kuuliza kama tabianchi inahitaji chai.

Utafiti wake ni juu ya maji ya bahari yanayopenya chini ya ardhi mpaka yakaingia visimani. Alichagua kijiji cha Mwabungo, kando ya bahari, kwa sababu ndiko anakokaa mama mkwe wake, Bi Waridi, na kila Jumapili huenda kumwamkia. Chuo kilikuwa kimekwisha kumwongezea muda mara moja, na safari hii aliambiwa waziwazi kwamba asipokamilisha vipimo vyake kabla ya mvua za masika, jina lake litaondolewa. Mvua ikinyesha, visima hupata maji mapya na ile chumvi haionekani tena hadi kiangazi kingine. Kwa hiyo alikuwa akishindana na mawingu.

Chupa zote zilitakiwa zijazwe asubuhi moja, siku ya bamvua, bahari inapojaa kupita kawaida. Siku yenyewe iliangukia katikati ya juma, na yeye alikuwa darasani. Basi akawagawia chupa wenye visima kumi na viwili. Kila chupa aliibandika jina kwa mwandiko mzuri: Kisima cha Bi Waridi, Kisima cha Bi Ikram, na kuendelea. Jioni akazipitia kuzikusanya, zimepangwa vibarazani, zimepanguswa vumbi, nyingine zimefunikwa kitambaa.

Alizipima katika maabara ya shule, akampigia simu msimamizi wake, Dakta Tsuma, kumsomea matokeo. Dakta Tsuma ni Mduruma kama yeye, mtu wa utani hata akiwa kazini.

"Mwalimu," akasema, "nisomee tena."

Akamsomea.

"Hivi ni visima kumi na viwili, au ni kisima kimoja chenye wake kumi na wawili? Mbona vyote vina maji yaleyale? Rudia!"

Jumapili iliyofuata alikwenda Mwabungo na kipimo chake kidogo cha chumvi, mfano wa kalamu. Bi Waridi alimkalisha sebuleni kama ilivyo ada yake, akamletea bilauri ya maji juu ya sahani. Jumwa akachovya kipimo ndani ya bilauri. Hesabu ikawa ileile ya chupa zote.

"Mama, haya maji ni ya kisimani?"

"Maji ni maji, mwanangu. Kunywa."

Wakati huohuo mkokoteni ukasimama nje, na Chome, muuza maji, akapiga hodi akiwa na mtungi begani. Alipomwona Jumwa akacheka. "Ahaa, mwenye vichupa! Mwalimu, juzi ulinichosha. Mitaa yote wananisimamisha wajaziwe vichupa. Nilidhani ni dawa ya macho."

Bi Waridi akamtupia jicho ambalo lingeweza kuchemsha mtungi mzima. Chome akaingia jikoni upesi.

"Mama!" akasema Jumwa.

"Mama nini? Ulitaka nipeleke maji ya chumvi chuo kikuu, na jina langu limebandikwa juu? Maprofesa wayaonje, waseme Waridi wa Mwabungo ndiyo anayokunywa haya?"

"Hakuna anayeyaonja. Ni mashine."

"Na mashine inaendeshwa na nani? Si watu?"

Jumwa alizaliwa Samburu, ile ya Kinango, kwenye barabara ya malori. Kwao maji yalitoka kwenye bwawa ambalo ng'ombe walitangulia kunywa, na mgeni alipewa yaliyokuwapo, hata yakiwa na rangi ya chai ya maziwa. Kuona haya kwa ajili ya maji ni jambo ambalo hakuwahi kulifikiria, wala halikuwamo katika kitabu chochote cha kozi yake.

Kwa bamvua ya pili, nayo siku ya kazi, alijipanga upya. Aliyatoa majina, akaandika namba. Akawakusanya kina mama sebuleni kwa Bi Waridi, akawaeleza habari za bahari na joto la dunia mpaka wawili wakasinzia. Mwishoni akasema neno ambalo angelifikiria vizuri asingelisema: "Msione haya, mama zangu. Chumvi ndiyo ninayoitafuta."

Matokeo ya safari hii Dakta Tsuma aliyasikiliza hadi mwisho, kisha akakohoa. "Kisima namba nne," akasema, "kina chumvi kuliko bahari. Hapo si bahari inayoingia kisimani, Mwalimu. Bahari ndiyo iliyoingiliwa."

Namba nne alikuwa Bi Ikram, jirani wa Bi Waridi, ambaye kisima chake kiko mbali kidogo na pwani na maji yake ni matamu kweli, ingawa safari ya kwanza naye alijaziwa na Chome asiachwe na wenzake. Jumwa alimkuta akikuna nazi.

"Shikamoo, Bi Ikram. Ulitia chumvi?"

"Marahaba. Nilitia, tena ya mawe, si hii ya paketi. Mtoto wetu anatafuta chumvi, wenzangu wote wanatoa, mimi nitoe maji matamu ufeli kwa ajili yangu? Wallahi nisingelala."

Wengine watatu nao walikuwa wamemsaidia hivyohivyo. Waliobaki waliendelea kumwamini Chome, Bi Waridi akiwa wa kwanza, kwa hoja kwamba mwenye kuandika namba anajua kwamba namba saba ni Waridi.

Ikabaki bamvua moja. Mawingu yalikuwa yameshaanza kukaa upande wa kusini kila alasiri, na Swafwan alikuwa ameacha kuleta mzaha wa chai mlangoni. Jumwa hakulala vizuri juma lile. Alifikiria kuomba kijiji kingine, lakini huko nako angekuwa mgeni. Ndipo lilipomjia, akiwa anaanika nguo: miaka sita ameolewa, kila Jumapili yuko kwa mama mkwe, na kile kisima hajakiona. Kiko uani, na yeye hajavuka sebule. Siku zote aliliona hilo kuwa ni mapenzi tu.

Bamvua ya mwisho iliangukia Jumamosi. Hakumwambia mtu. Alikwenda alfajiri kwa tuktuk, amevaa dera kuukuu na ndara, chupa zimejaa kwenye kikapu. Akapiga hodi, akaamkia, akapita sebuleni bila kuketi.

"Wapi huko?" Bi Waridi akamfuata. "Kaa, nakuletea maji."

"Maji nimekuja kuyateka, mama."

"Utateka maji nyumbani kwangu, majirani waone? Waseme namtumikisha mwalimu?"

"Miaka sita mimi ni mkaza mwanao, na kamba ya kisima chako siijui."

"Nimekuwekea heshima."

"Heshima hiyo ndiyo itakayonifelisha. Mnampa mgeni maji ya Chome, na mnafanya vizuri. Lakini mimi ni mgeni?"

Bi Waridi alisimama na mkono kiunoni. Alitazama lile dera kuukuu, akatazama zile ndara. Kisha akachukua kamba iliyokuwa imetundikwa ukutani, akampa.

Jumwa akatupa ndoo. Ndoo ikaanguka juu ya maji ikakaa palepale, inaelea kama bata. Akaivuta, akaitupa tena, ikaelea. Kwenye bwawa la kwao mtu huingia na miguu akainama. Hakuna aliyewahi kumwonyesha ule mzungusho mdogo wa kiwiko unaoilaza ndoo ubavu.

Bi Waridi alijaribu kujizuia, akashindwa. Alicheka hadi akashika ukuta. "Ikram!" akaita juu ya ua wa makuti. "We Ikram! Njoo uone profesa anavyoteka upepo!"

Bi Ikram alikuja mbio, unga ungali mikononi. Ndoo ilipopanda hatimaye na maji robo, yeye ndiye aliyechovya kidole akalamba.

"Yallah, Waridi! Haya ndiyo unayoogea?"

"Ndiyo. Na ngozi yangu laini kuliko yako."

"Laini kama papa aliyeanikwa."

Chupa ya kwanza ikajazwa hapo, katikati ya kelele. Habari kwamba mkaza mwana wa Waridi hajui kuteka maji zilitangulia nyumba hadi nyumba, na kila ua ulitaka kumwona. Hakuna aliyekumbuka tena kuficha kisima. Kazi ilikuwa kumficha Jumwa asione wanavyocheka, nayo haikufanyika. Bi Waridi alitembea naye mpaka kisima cha mwisho, akimrekebisha kiwiko, na popote penye maji ya chumvi alisema, "Hii si kitu, njooni kwangu muonje." Bahari ilipoanza kupungua, chupa zote zilikuwa zimejaa.

Kwenye simu Dakta Tsuma hakufanya utani. Alimwomba asome taratibu, vilivyo karibu na pwani kwanza, vya mbali baadaye. Kisha akasema, "Sasa, hivi ndivyo visima. Anza kuandika." Mvua iliingia siku chache baadaye.

Ameshatetea tasnifu yake, na wamempitisha. Siku aliyopata habari hizo alikwenda Mwabungo na Swafwan, amevaa baibui mpya na viatu vya kisigino. Bi Waridi alipiga vigelegele mpaka Bi Ikram akaitikia kutoka upande wa pili. Akamkumbatia, akamlilia begani, akamwombea dua ndefu.

"Sasa vua hivyo viatu," akasema akijifuta macho, "kuna sufuria za pilau huko uani hazijaoshwa tangu jana. Wewe Swafwan kaa, mwanangu, nakuletea maji."