Kukifuata Kipupwe hadi Makete

Tuliondoka Kampala kwa sababu ya macho ya mume wangu. Daktari alitueleza kwa upole kwamba upasuaji ulikuwa umeokoa kilichoweza kuokolewa, na kwamba mwanga uliobaki haukuwa na ahadi: ungeweza kudumu miaka, ungeweza kuondoka kidogo kidogo. Tulirudi nyumbani Kibuli. Jioni ile nilikuwa namenya vitunguu jikoni nilipomsikia akisema kutoka sebuleni, "Mama Sauda, hujawahi kuona majani meupe."

Nilijua anazungumzia nini. Marjan, mume wangu, aliendesha malori karibu maisha yake yote ya kazi, na mizigo ilikuwa ikimfikisha hadi nyanda za juu kusini mwa Tanzania, kule Makete, alikokuwa akipakia viazi. Kila aliporudi alitusimulia habari za sakitu, ule umande unaoganda alfajiri mpaka bonde zima linageuka jeupe. Watoto wetu walidhani anatunga. Mimi nilimwamini, lakini kuamini si sawa na kuona.

"Kipupwe kimeanza huko," akasema. "Twende tukaone pamoja, ningali naona."

Gari tulikuwa nalo. Alipostaafu tulinunua basi dogo la zamani, tukang'oa viti, tukaweka kitanda, jiko la gesi na pipa la maji, tukaishi humo tukizunguka Kasese, Fort Portal na Kabale. Sijawahi kucheka maishani mwangu kama nilivyocheka siku zile. Kisha macho yakaanza kumsaliti, akagonga nguzo ya lango letu wenyewe mchana kweupe, na gari likaegeshwa nyuma ya nyumba chini ya turubai. Kuku wakaligeuza makao yao.

Safari hii dereva angekuwa mimi. Leseni niliipata baada ya yeye kuacha kuendesha, lakini safari zangu zilikuwa za sokoni na msibani tu. Sauda, binti yetu mkubwa, alipopata habari alikuja mbio.

"Mama, huko ni nchi nyingine kabisa!"

"Barabara ni barabara," nikamjibu. Uhakika ulikuwa mdomoni tu. Moyoni nilikuwa kama msichana aliyeambiwa kesho ni Idi.

Katwe, mtaa wa mafundi, ndiko gari lilikofufukia. Fundi wetu, ambaye wote humwita Salongo kwa kuwa ni baba wa mapacha, alibadilisha breki, akachomelea upya miguu ya kitanda, akaziba tundu ambalo kuku walikuwa wakipitia. Aliponikabidhi funguo alinitazama mimi, akamtazama Marjan, akanitazama tena mimi.

"Gali iko sawa, Mama. Ukisikia inalia, simama. Usibishane na gali."

Soko la Owino tulikwenda kutafuta mavazi ya baridi, jambo la kuchekesha kidogo ukizingatia joto lililokuwepo siku hiyo. Mkongo mmoja mwenye lundo la makoti ya mitumba alinivalisha koti zito lililonifika magotini, mbele za watu, jasho likinitiririka.

"Mama, hii njo koti ya baridi ya kweli," akasema. "Lakini unaenda wapi na hii?"

"Kusini."

"Mbarara?"

"Mbele zaidi."

Akamtazama Marjan, aliyekuwa akipapasa kofia za sufu moja baada ya nyingine ili ajue ipi ni laini, kisha akaongeza soksi nene bila kuulizwa. "Hizi ni za mzee," akasema. "Zawadi yangu."

Asubuhi ya kuondoka tulipitia soko la Nakasero kuchukua tangawizi, kahawa na mkungu wa matoke wa kuwapelekea wenyeji wetu kule Makete, watu aliowafahamu Marjan enzi za malori, kisha tukashika barabara ya Masaka. Bodaboda zilinipita kushoto na kulia. Mikono yangu iliushika usukani kwa nguvu hata vidole vikafa ganzi. Ila tulipoyaacha magari ya mjini nyuma, mafunjo yakaanza kuonekana kando ya barabara na upepo ukaingia madirishani, nikajikuta naimba. Marjan akaitikia. Kayabwe, pale barabara inapokata ikweta, nilipiga honi kwa furaha, na kijana mmoja aliyekuwa akiuza mananasi akatupigia saluti.

Mutukula tulivuka mpaka bila shida. Upande wa pili milima ya Kagera ilikuwa ya kijani na udongo mwekundu kama wa kwetu, lakini Kiswahili kikawa kingine: kila mtu anakuuliza habari za asubuhi, za nyumbani, za safari, kabla hajakuuliza unachotaka. Mama mmoja aliyetuuzia chai Biharamulo aliponisikia alicheka.

"Dada, Kiswahili chako kizuri, ila kina haraka. Wewe wa wapi?"

"Kampala. Mnubi."

"Na huyu ndiye dereva wako?" akauliza, akimwonyesha Marjan kwa kidevu.

"Ni mume wangu. Dereva ni mimi."

"Haa!" Akampigia mwenzake kelele aje anione.

Kahama, Nzega, Singida. Nchi ilifunguka ikawa tambarare, mawe makubwa yamepangana kama yaliyowekwa na mtu. Tulilala ndani ya gari kwenye viwanja vya vituo vya mafuta, tukaamka na kuchemsha kahawa mlangoni, miguu yetu ikining'inia nje. Maisha yale yakaturudia mwilini: kujua sufuria iko wapi bila kuangalia, kupishana kwa ubavu, kusikia kila mwenzako anachofanya. Nilikuwa na furaha ambayo sikutaka kuisema kwa sauti isije ikasikia ikaondoka.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinaiharibu. Marjan alikuwa anaendesha gari kutoka kiti cha abiria. "Punguza." "Gia ya tatu." "Mbona umekaa katikati?" "Mwachie huyo apite." Mguu wake wa kulia ulikuwa unakanyaga breki isiyokuwepo. Nilivumilia hadi tulipopita Manyoni. Hapo aliponiambia kwa mara nyingine nipunguze, wakati tuko peke yetu kwenye barabara iliyonyooka, niliegesha kando na kuzima injini.

"Baba Sauda, gari hili lina usukani mmoja."

"Nakusaidia."

"Hunisaidii. Unaniogopesha. Ukinitisha nitatuua."

Alitazama mbele kwa yale macho yake. Kisha akasema polepole, "Nimeendesha njia hii nikiwa na nguvu zangu. Sasa naisikia tu inapita chini yangu. Wewe hujui ilivyo."

Kweli, sikujua. Nilimshika mkono, lakini sikumwomba radhi, na yeye hakuniomba. Niliwasha gari. Kuanzia hapo hadi Iringa hakusema neno, na ukimya ule ulinilemea kuliko maelekezo yake yote.

Baada ya Makambako baridi ilikuja. Haikubisha hodi. Nilifungua mlango Njombe kununua mafuta na hewa ikaniingia puani kama maji. Niliruka ruka pale kituoni nikicheka, moshi ukinitoka mdomoni, na dada aliyekuwa kwenye pampu akanicheka naye. Nilivaa koti langu la Owino. Marjan alivuta kofia hadi masikioni na kwa mara ya kwanza tangu Manyoni akatabasamu. "Bado," akasema. "Hii ni salamu tu."

Njia ya kwenda Makete inapanda na kuzunguka kati ya misonobari na mashamba ya ngano. Alasiri, tukiwa juu kabisa, ukungu ulishuka. Kwanza ukala vilima, kisha miti, kisha barabara yenyewe, nikabaki naona mstari mweupe tu mbele ya taa.

"Sasa sema," nikamwambia. "Unaijua njia hii. Mbele kuna nini?"

Alitega sikio. "Kona ya kushoto, kali. Halafu daraja la mbao."

Nikapunguza, nikajiandaa kukata kushoto. Kona haikuja. Barabara ilinyooka, lami laini, na daraja lilipofika lilikuwa la zege, pana, lina vizuizi vya chuma pande zote mbili.

"Hakuna kona," nikasema.

"Haiwezekani."

"Wameinyoosha, Baba Sauda. Wameweka lami."

Nikasikia akivuta pumzi. Barabara aliyoibeba kichwani miaka yote ile haikuwepo tena. Nilidhani ataumia. Badala yake alianza kucheka, kicheko cha kutoka tumboni ambacho sikuwa nimekisikia tangu hospitali. "Basi mimi ni mgeni hapa kama wewe," akasema. "Unaona nini, dereva?"

"Sioni kitu. Kuna mahali pa kuegesha, nadhani ni uwanja wa kanisa. Nataka tusimame tusubiri."

"Simama. Uamuzi ni wako."

Tukasimama. Nikachemsha tangawizi. Tulikaa tumejifunika blanketi moja, madirisha yameingia mvuke, tukinywa na kucheka kama watu walioiba kitu. Ukungu ulipopanda kabla ya magharibi tukaendelea, na hakuniambia tena gia gani.

Kwa Bwana Sanga na mkewe Mama Neema tulipokewa kwa mikono miwili. Bwana Sanga ndiye aliyekuwa akimpakilia Marjan viazi, na alimkumbatia muda mrefu bila kuuliza macho yana nini. Mama Neema aliupokea mkungu wa matoke, akaugeuza geuza.

"Hizi ndizi zinaiva lini?"

"Hatungoji ziive, mama. Tunazipika hivi hivi."

"Nyie watu!" akasema, akaniburuta jikoni nikamfundishe.

Tuliegesha gari nyuma ya nyumba yao, ukingoni mwa bonde. Asubuhi ya kwanza kulikuwa na mawingu, hakuna sakitu. Ya pili upepo. "Sakitu haipendi wingu wala upepo," Bwana Sanga alitueleza. "Inataka mbingu tupu." Nilianza kuogopa kwamba tumekuja bure. Kila nikimtazama Marjan akitafuta kikombe kwa mkono mezani nilihesabu kimoyomoyo siku alizobakiza za kuona, na nilichukia kuhesabu huko.

Kisha ikaja asubuhi ambayo Mama Neema aligonga bati la gari letu. "Amkeni! Amkeni, imeanguka!"

Nikafungua mlango. Sijui niseme nini. Bonde lote lilikuwa jeupe. Kila jani la viazi, kila unyasi, kamba ya kuanikia nguo, mgongo wa ng'ombe aliyelala nje, vyote vilikuwa vimevaa unga unaometa, na jua lilikuwa ndiyo kwanza linachungulia juu ya kilima. Nilipiga kelele, kweli nilipiga kelele, mwanamke mzima mwenye wajukuu. Nikamvuta Marjan akashuka na soksi za yule Mkongo. Majani yalivunjika chini ya miguu yetu kama biskuti.

"Unaona?" nikamuuliza. Niliogopa jibu.

Alisimama akigeuza kichwa polepole, upande huu, upande ule. "Majani siyaoni," akasema. "Mlima siuoni. Lakini naona nyeupe, Mama Sauda. Kila mahali nyeupe." Akainama, akachota sakitu kwa kiganja, akajipaka usoni, akanipaka na mimi. Ilichoma kama moto. Machozi yetu yalikuwa ya moto juu ya maji yale ya baridi, na Mama Neema, kando yetu, alicheka hadi akashika mbavu.

Tulikaa Makete hadi viazi vikavunwa, kisha tukageuza pua ya gari kaskazini. Njia ya kurudi niliiendesha kama mtu anayerudi kwake. Marjan aliniuliza maswali tu: miti gani hiyo, watoto wale wamevaa sare gani, mawingu yakoje. Nikawa namwambia. Nikajifunza kwamba kabla ya hapo nilikuwa napita vitu bila kuviona, kwa kuwa hakuna aliyeniuliza. Yeye naye, nadhani, alijifunza kukaa safarini bila kuishika njia.

Tulipoikaribia Kampala askari wa barabarani alitusimamisha. Alikuja moja kwa moja upande wa Marjan, labda kwa sababu ya mvi zake, akamsalimu kwa Kiswahili cha kikosini.

"Mzee, habari ya safari. Mnatoka wapi?"

Marjan alikunja mikono kifuani, akaegemea kiti.

"Mimi abiria tu, afande," akasema. "Muulize dereva."