Pete Nyeupe ya Kishika Uchumba

Kwetu Malindi, sinia la kishika uchumba hufunuliwa na wanawake wa upande wa msichana, mbele ya waliolileta, na pete huangaliwa kwanza. Lilipoletwa la mjukuu wangu nilikaa karibu, maana nimemlea mimi. Siniani mlikuwa na leso, udi, na pete nyeupe.

Mdogo wangu akaishika, akaigeuza. "Fedha hii," akasema, wala hakunong'ona.

"Ni dhahabu," mama wa kijana akasema.

"Dhahabu gani? Imeona nini hata ikapauka?"

Wanawake wakacheka. Mama wa kijana akavuta mtandio wake tayari kuondoka. Fedha twavaa, sikatai, lakini kuleta fedha ukasema ni dhahabu ni dharau, na posa huvunjika kwa hilo. Mjukuu wangu alikuwa chumba cha pili, akisikia yote. Alimtaka yule kijana, nalijua.

Nikasema, "Hakuna kinachorudishwa wala kinachovaliwa. Kesho tunakwenda kwa sonara, mimi na mama wa kijana."

Sonara aliikwaruza pete juu ya jiwe jeusi, ukabaki mstari. Akautia tone la tindikali. "Ingekuwa fedha, mstari ungeliwa. Huu haukuliwa. Ni dhahabu."

"Mbona nyeupe?"

"Imechanganywa na paladiamu, mama. Ni metali nyeupe, adimu. Kidogo tu huiondolea dhahabu umanjano. Haishiki kutu, wala haiwi nyeusi upesi kama fedha. Wengine hutia nikeli, ndiyo inayowasha watu vidole."

Nikamuuliza ina kazi gani nyingine. Akasema nyingi haifiki kwa masonara. Huwekwa kwenye bomba la moshi la gari. Moshi wa sumu ukiipitia, sumu hupungua, nayo paladiamu yenyewe hailiki. Waganga wa meno nao huitumia. Tena, akasema, metali hiyo hunywa gesi ya haidrojeni kama sifongo linavyonywa maji. Hilo nilimwambia sikulielewa.

"Hata mimi nimelisoma tu," akajibu.

Mama wa kijana akasema, "Basi mwanangu ameposa kwa bomba la gari." Hapo ndipo nilipomwona akicheka.

Nyumbani mdogo wangu hakuachia. "Dada, watu wataona fedha tu. Utamweleza kila mtu paladiamu?"

"Atakayeuliza ataelezwa. Na wewe ulisema mbele ya watu, nenda kwa yule mama ukaseme tena mbele ya watu, kwamba ni dhahabu."

"Leo?"

"Jua hili hili."

Akanuna, akavaa buibui, akaenda. Aliporudi alisema amepewa chai na mahamri. Nikamwita mjukuu wangu, nikamvika pete. Ilimpwaya. Sonara alikuwa ametuonya kwamba dhahabu ya namna ile yataka moto mkali kuliko wake kuipunguza, basi tukaizungushia uzi akaivaa hivyo hivyo.