Kahawa ya Mzee Renzo

Kuna asubuhi moja ya Julai ninayoikumbuka kwa baridi yake, mwanangu. Usicheke nikikuita mwanangu. Kwa umri mimi ni kaka yako tu, ila tangu nianze kufundisha mpira vijana wamenizeesha. Nyasi za uwanja wetu, pale chini ya maghorofa ya Hillbrow, zilikuwa zimekauka zote, na refa akipuliza kipenga mvuke ulimtoka mdomoni.

Nilikuwa nimemaliza chuo, shahada ninayo, kazi sina. Nawe unanijua nilivyo: nikituma ombi la kazi naweza kushinda kutwa nikijiuliza kama salamu ya mwanzo ilikuwa na heshima ya kutosha. Kocha wetu alikuwa Mzee Renzo, Mtaliano aliyehamia Johannesburg kumfuata binti yake. Wiki ile alikuwa ameniambia jambo lililoninyima usingizi.

"Klabu moja kule Midrand wanatafuta kocha wa watoto, mshahara wa kila mwezi. Wameniomba jina. Jumamosi timu utaiongoza wewe, mimi nitakaa nione."

Mzee huyu alikuwa na desturi yake. Kabla ya mechi, Waislamu wakishasoma dua na Wakristo wakishasali, yeye huwasha jiko dogo la gesi pembeni mwa uwanja na kubandika birika lake la alumini. Hakuna ruhusa ya kuzungumza habari za mpira mpaka kahawa inywewe. Siku hiyo sikunywa. Nilisema tumbo limejaa. Lilijaa kweli, lakini wasiwasi.

Mechi ilipoanza, nami nikaanza. "Fiston, panda! Fiston, rudi! Mpe Hamidu! La, siyo Hamidu!"

Fiston, beki wetu wa kulia, alikuwa fundi cherehani kutoka Lubumbashi, mtu mpole. Kila akipata mpira alinitazama mimi kwanza. Safari moja alipogeuza macho kwangu, winga wao akamnyang'anya, akaingia nao hadi golini. Bao.

"Kocha!" Fiston akalia, mikono kichwani. "Niangalie mupira ao nikuangalie weye?"

"Eish, mwacheni," akadakia nahodha wetu Hamidu, mtu wa Tanga. "Huyu kocha anacheza namba zote peke yake, na bado tunafungwa!"

Benchi zima likacheka. Mimi nikaiona Midrand ikiondoka na mshahara wake.

Mzee Renzo hakucheka. Alinivuta koti, akanikalisha juu ya kreti la soda, akanitia kikombe mkononi.

"Kunywa. Usiseme neno mpaka kiishe."

"Mzee, tunafungwa!"

"Naona. Kunywa."

Kahawa ile ilikuwa chungu na ya moto, haina haraka. Nilipokuwa nikiipuliza akanisimulia maisha yake kwa sauti ya chini, macho yake uwanjani. Kwao alikuwa beki wa kati, si wa kutangazwa nchi nzima, ila mji wake ulimjua. Goti likaharibika, akapewa timu ileile aifundishe.

"Viatu nilivua miguuni, kichwani sikuvua. Nilikaba kwa mdomo. Wachezaji wakawa wananisikiliza mimi badala ya kuangalia mchezo. Tukashuka daraja, nikafukuzwa. Timu ya pili, vilevile. Ya tatu, nikapatwa na mafua, sauti ikakauka kabisa. Siku hiyo tukashinda." Akatabasamu. "Nilikasirika wiki nzima."

Huku nyuma Hamidu alikuwa amemsogelea Fiston, wakaonyeshana kitu kwa mikono. Sikujua ni kitu gani, na kutojua kuliniuma kuliko ile kahawa. Fiston hakunitazama tena. Mechi ikikaribia kuisha alimsubiri yule winga, akamwachia njia kana kwamba atapita, kisha akaukata mpira na kukimbia nao hadi kwenye kona. Krosi yake ikamkuta Hamidu kichwani. Bao. Sare, moja kwa moja.

Tulipokuwa tukisuuza vikombe nikamwambia mzee, "Nisamehe. Najua jina langu halitafika Midrand."

"Nililipeleka jana," akasema. "Leo nilitaka kuona kama ukiambiwa nyamaza, unaweza."

Basi mwanangu, kesho unasimama na watoto wako wa kwanza, na najua leo utageukageuka kitandani kama mimi. Wasiwasi sikuambii uuache. Wangu bado ninao, nimeuzoea. Nakuambia usiwatwike wao. Yote unayoyajua wape kwenye mazoezi, siku baada ya siku, bila kuchoka. Refa akishapuliza, kaa. Wakikosea, waache wasahihishane. Na ukishindwa kukaa, shika kitu cha moto mkononi.

Birika la mzee, aliloniachia mimi, nimelisugua, asubuhi nitakuletea. Sasa ni lako. Mungu akupe sauti ya kutosha siku za mazoezi, na siku ya mechi akupe mafua. Amina.