Matundu ya Rejeta ya Mama Hélène

Kalemie haijawahi kukosa mafundi wa magari. Simama tu barabarani na boneti wazi, watakuja bila kuitwa, na kila mmoja atakuwa na dawa yake. Huyu atakuambia umimine unga wa muhogo ndani ya rejeta ili uzibe tundu, yule ataleta ute wa yai, mwingine atakanda kipande cha sabuni na kukipachika kwa kidole gumba kama anayebandika plasta. Utawashukuru, utaenda hadi kona ya pili, na mvuke utakutoka tena. Lakini kama rejeta yenyewe ni ya shaba, ya magari yale ya zamani, na kama gari unalipenda kweli, mwisho wa yote utaelekezwa mtaa wa Kataki, kwa Adija.

Adija si fundi wa magari. Kuendesha hajui, na injini kwake ni kelele tu. Yeye ni fundi bati, mtoto wa fundi bati, wa ukoo uliokuja na biashara za ziwani ukaota mizizi. Baba yake alitengeneza koroboi, mabirika na faneli. Plastiki ilipofika na tochi za betri zikafuata, wenzake wengi walikunja mikeka. Adija alibaki na mkaa wake, na chuma chake cha kulehemu chenye ncha iliyokwisha kama penseli ya mtoto. Akahamia kwenye rejeta. Ukimuuliza alijifunza wapi, atakuambia kwamba rejeta ni birika lenye matumbo mengi, kisha ataendelea na kazi. Ana kasoro moja mama huyu, na tuiseme mapema: anapofanya kazi haelezi. Hupenda kusema kazi ikiisha.

Rejeta iliyomletea makuu ilikuja imefungwa ndani ya kitenge, juu ya pikipiki, imekumbatiwa na Jovial, dereva. Nyuma yake, kwa pikipiki ya pili, alikuja mwenyewe Mama Hélène. Ilikuwa rejeta ya Peugeot 404, gari la rangi ya maziwa ambalo mji mzima unalijua. Marehemu mumewe, Papa André, alimtoa Mama Hélène kwao Mpala akiwa bibi harusi ndani ya gari hilo. Ndani ya gari hilo hilo, Mama Hélène alimsindikiza hospitali mara ya mwisho. Sasa lilikuwa haliwezi hata mwinuko mdogo bila kuchemka.

"Mama Adija," alisema akiwa bado amesimama, kwa Kiswahili cha huku ambako ndiyo ni njo, "njo nimekuletea. Mafundi yote wanasema nitafute mupya, na mupya ya gari hii haiko tena. Mimi nimeshasema mbele ya watu: kama hii inakushinda na weye, Maliki achukue moteri aweke mu bwato yake. Gari yenye haitembee ni nyumba ya kuku. Lakini kwanza uijaribu."

Hapo ndipo penye shughuli, maana Maliki ni mdogo wake Adija. Mama yao alipofariki, Adija ndiye aliyemlea, akamsomesha, akamtafutia mke. Boti ya Maliki ilikuwa imekamilika ufukweni, imepakwa rangi, imeandikwa jina, inangoja injini tu. Na injini ya gari kuukuu ikiingia botini haihitaji rejeta. Bomba linavuta maji ya ziwa upande mmoja na kuyatema upande wa pili, basi, Tanganyika nzima ndiyo rejeta yake. Kwa hiyo kilicholazwa mbele ya Adija siku ile hakikuwa shaba peke yake. Akiiponya, mdogo wake anabaki na mbao zake juu ya mchanga. Akishindwa, Mama Hélène anabaki na mabati.

Mama Hélène aliyajua yote hayo. Watu walimcheka kwamba anampa paka alinde samaki. Yeye alijibu kwamba amemjua Adija miaka mingi na hajaona mkono wake ukicheza.

Jioni Maliki alipita, akakaa kwenye kigoda, akaigusa rejeta kwa kidole cha mguu.

"Yaya," alisema, kama mdogo anavyomwita dada yake mkubwa, "siko nakuomba kitu. Lakini gari ile imezeeka. Hata ukiitengeneza, itakufa tu."

"Kama hauombi kitu, kunywa chai," alijibu Adija, akammiminia.

Asubuhi aliikagua. Palikuwa na ufa mmoja tu unaoonekana, kwenye ungio la tangi la juu. Kuuziba ni kazi ya mara moja, hata maji ya chai hayajachemka. Na huo ndio uliokuwa mtego. Angeuziba ufa, akairudisha rejeta inang'aa, akasifiwa. Gari lingechemka tena, Maliki angebeba injini, na hakuna kiumbe ambaye angemnyooshea kidole. Lakini Adija aliingiza kijiti kwenye mirija na kijiti kikagoma. Ndani mlikuwa mweupe. Papa André, Mungu amrehemu, aliliabudu ziwa. Alikuwa akisema gari la Kalemie linywe maji ya Kalemie, na kila alfajiri alichota ufukweni akalinywesha. Ni maji matamu hayo, lakini mama yeyote wa huku anajua yanavyoliacha birika la chai: na ukoko mgumu kama ganda la yai. Miaka na miaka ya ukoko huo ilikuwa imeziba mirija, na juu yake unga wa muhogo wa washauri wa barabarani.

Adija alikamua kikapu kizima cha ndimu, akachemsha ile juisi, akaimimina ndani ya rejeta. Ikatoka kama uji. Akarudia hata vidole vikamchubuka, mpaka kilichotoka kikawa maji. Kisha akaibeba rejeta hadi ufukweni, akafunga midomo yake kwa mpira wa tairi, akaizamisha na kuanza kusukuma hewa kwa pampu ya baiskeli. Mapovu yakatoka. Hayakutoka sehemu moja, yalitoka kila mahali, juu, chini, ubavuni. Wanawake waliokuwa wakifua waliacha nguo zao wakatazama.

Na Mungu naye ana mambo yake, maana Mama Hélène alifika wakati huo huo, amekuja kuona kazi imefika wapi.

Alisimama, akayatazama yale mapovu, akamtazama Adija.

"Ilikuwa na tobo moja," alisema polepole.

"Tobo zilikuwamo, Mama. Uchafu njo ulikuwa unaziziba."

"Nilikupa ikiwa na tobo moja."

"Ukisafisha, zote zinaonekana. Ningekuambia mbele. Sikukuambia."

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ndivyo ilivyokuwa rejeta ile, na angekuwa na moyo uliotulia Mama Hélène angelielewa. Lakini aliyekuwa akizama pale machoni pake ni André wake. "Wahenga hawakukosea," alisema. "Damu ni nzito kuliko maji. Siku ya yenga Jovial atapandisha gari mulima wa parokia. Ikichemuka, ndugu yako akuje na funguo zake za kufungulia moteri." Akaondoka bila kuaga, na kabla nguo hazijakauka, Kataki nzima ilishajua kwamba Adija ametoboa rejeta ya mjane.

Hakutoka nje kujitetea. Aliwasha mkaa. Alisugua shaba kwa brashi ya waya mpaka ikawa nyekundu, maana risasi ya kulehemu haishiki penye kutu wala mafuta. Alipaka tindikali, akagusisha chuma cha moto, akaiacha risasi itiririke kwenye ungio kama samli kwenye kikaango. Mirija iliyooza kabisa aliikata, akaifunga ncha zake. Tangi la juu alilifungua lote akalilehemu upya. Alirudi ufukweni, akasukuma hewa, akaona povu, akarudi kwenye mkaa. Akaenda tena. Wanawake walinyamaza alipopita, naye aliwasalimu mmoja mmoja kwa majina. Mwisho alizamisha rejeta, akasukuma pampu hadi mkono ukauma, na ziwa likabaki limetulia. Basi alizamisha mara nyingine tena, halafu akairudisha nyumbani, na badala ya kupumzika akapasha chuma na kuupitia upya kila mshono, mmoja baada ya mwingine, ingawa hapakuwa na povu.

Siku ya yenga, yaani Jumapili, watu wakitoka misa, Jovial aliijaza rejeta maji ya mvua kutoka pipa la Adija mwenyewe, akawasha, Mama Hélène akiwa kiti cha nyuma. Maliki alikuwepo, amesimama juu kabisa ya mlima, mikono nyuma, na Adija hatua chache pembeni. Gari lilianza kupanda. Lilipita penye mawe, likapita mahali lilipozoea kufia, likafika juu likinguruma, na mshale wa joto haukuvuka katikati. Maliki alikuwa wa kwanza kufungua boneti. Aliweka kiganja karibu na shaba, akakiacha hapo. Kisha akamtazama dada yake, akatikisa kichwa, akaanza kuteremka kuelekea ufukweni. Adija alimfuata kwa macho mpaka alipopotea, na uso wake haukuwa wa mtu aliyeshinda.

Mama Hélène alimwita kutoka kiti cha nyuma.

"Mama Adija. Nilikuzania mubaya. Mbele ya watu. Unisamehe."

Adija alisogea mpaka kwenye dirisha. Angeweza kuipokea samahani hiyo yote, na hakuna ambaye angejua.

"Usiniombe yote," alisema. "Ile siku, pale nilipoona mapovu inatoka kila pahali, kabla weye ufike, roho yangu ilifurahi. Nilimuona Maliki mu bwato yake. Ilikuwa kidogo tu, lakini ilifurahi. Njo maana kila mushono nilipita mara mbili."

Mama Hélène alisogea kwenye kiti, akamfungulia mlango.